Kidole cha Pili

Miaka kumi na mmoja naandikwa namba.
Jumanne, saa moja asubuhi, Bombo,
benchi la mbao limeshashika umbo la makalio yetu.
Sukari: kumi na nne nukta mbili.
Presha. Macho, soma herufi ile.
Vua kiatu, babu. (Nina miaka hamsini na mbili.)
Halafu dawa, halafu tarehe, halafu mlango.

Februari walikikata kidole,
cha pili, mguu wa kushoto,
kile kirefu kuliko gumba,
ambacho mama alisema mwenye nacho atamtawala mkewe.
Mejumaa alicheka sana aliposikia hilo, siku ya harusi.
Nikatoka na bandeji nyeupe kama kofia ya Idi.

Kibandani, Barabara ya Kumi na Mbili, baiskeli zikanisubiri.
"Vipi mguu, fundi Hemedi?"
"Nimepunguza uzito."
Wakacheka. Ufundi huo nao ninao.
Usiku ndipo kinapowasha. Kisichokuwapo, kinawasha.
Nakunja goti, nakuna hewa.
Mejumaa anauliza una nini,
nasema mbu.
Miezi mitano, mbu.

Julai wakanituma chumba cha mwisho,
zamani stoo ya mashuka, bado kinanuka sabuni ya unga.
Viti viwili vya plastiki. Feni.
Dada mmoja asiye na koti jeupe, Sifaeli Mhina.
Nikatafuta mashine kwa macho, sikuiona.
Nikamnyooshea kidole cha pete, kwa mazoea, tayari kwa sindano.
Akaushika mkono wote, akanisalimu.

"Unalalaje, fundi?"
"Kwa ubavu."
Hakucheka. Hakukasirika pia.
Feni ikazunguka.
Akajaribu: "Maradhi ya kudumu ni kama ringi iliyopinda..."
"Dada, ringi naijua. Nusu saa, spoku mbili, elfu tatu,
mwenyewe anaondoka anapiga kengele. Usinipe ringi."
Akaona haya. Nikampenda kwa haya ile.
"Basi nipe wewe," akasema.

Sikujua kinywa kimeficha nini.
Kikatoka hiki: "Kilikwenda wapi?"
"Nini?"
"Kidole. Mimi spoku mbovu naziweka kwenye kopo,
sijui za nini, siwezi tu kuzitupa.
Kile nimetembea nacho tangu nijue kusimama,
nimekitia udhu mara tano kwa siku,
na hakuna aliyeniambia kimetupwa wapi."

Nikalia. Si kwa sauti.
Kama tyubu yenye tundu dogo,
lile hulioni mpaka uitie kwenye karai la maji.
Hakusema pole za haraka, wala Mungu ana makusudi,
yale ya majirani wakishamaliza chai yako.
Alisema, "Sijui. Nitauliza."

Na aliuliza.
Jumanne ya pili tukaenda nyuma ya dobi:
mfuniko wa zege, bomba la kupumulia, paka.
"Shimo la kondo," akasema. "Kimo humo,
pamoja na kondo za waliojifungua hapa."
Nikasimama.
Rukia wangu alizaliwa wodi ile pale, usiku wa mvua.
Kumbe vimekutana,
kilichomlisha yeye na kilichonibeba mimi.
Nikainua viganja. Sifaeli, mtu wa kanisani, akainamisha kichwa.
Kijana wa dobi akatutazama, ndoo mkononi,
asijue apite au asubiri.

Sukari siku hiyo? Kumi na tatu. Sitawadanganya.
Na kinawasha bado, hasa ikinyesha.
Ila juzi usiku Mejumaa aliuliza, una nini,
nikafungua kinywa niseme mbu,
nikamwambia.
Akawasha taa. Akakaa upande wa miguu,
akapeleka kucha pale pasipo na kitu.
"Hapa?"
"Juu kidogo."
"Hapa?"